Nani Aliyemfundisha Nani? Historia ya Mafundisho ya Afya kwa Wanawake wa Kasulu na Kibondo

Katika vitabu vingi vya historia ya misheni, habari za tiba husimuliwa kwa namna moja. Hutajwa daktari au sista aliyefika, jengo lililojengwa, idadi ya vitanda, na baadaye wenyeji waliofundishwa kazi ya uuguzi. Mama wa kijijini huonekana mwishoni, akiwa na mtoto mgongoni, akingoja zamu yake mlangoni. Ni mara chache kuulizwa alikuwa akijua nini kabla ya kufika hapo, na ni mara chache zaidi kuulizwa kwa nini jirani yake hakufika.

Makala hii inajaribu kuitazama historia hiyo kutoka upande wa yule jirani. Mahali penyewe ni nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, katika wilaya za Kasulu na Kibondo kama zilivyokuwa kabla ya mwaka 2012, zilipogawanywa na kuzaliwa Buhigwe na Kakonko. Wasomaji wengi huijua nchi hiyo kwa jina moja tu, Nyarugusu, kwa sababu ya kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa huko mwaka 1996. Lakini kambi hiyo ilikuta historia. Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: mafundisho ya afya huko Buha yalikuwa na nguvu ndogo kila yalipomhesabu mwanamke kuwa mtu asiyejua, na yaliokoa maisha zaidi pale wenye kufundisha walipokubali kwanza kumsikiliza. Kwa sisi tunaotayarishwa, au tunaotayarisha wengine, kwa utumishi wa mimbarini, hoja hii haihusu matibabu peke yake.

Nyumba ambayo mume hayupo

Buha ni nchi ya vilima yenye mvua za kutosha na mito inayoteremka kuelekea Malagarasi. Katika utawala wa Waingereza haikuhesabiwa kuwa nchi ya mazao makubwa ya biashara. Ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge upande wa mashariki, wengine kwa miezi, wengine kwa miaka, na baadhi hawakurudi kabisa. Wanahistoria wameandika mengi juu ya mishahara yao na safari zao. Hawajaandika vya kutosha juu ya nyumba walizoziacha. Nyumba hizo ziliongozwa na wanawake. Aliyeamua mtoto mwenye homa apelekwe wapi, maji yatekwe kijito gani, mkaza mwana aliyeshikwa na uchungu asaidiwe na nani, alikuwa mama au bibi.

Serikali haikuliona hilo. Ugonjwa wa malale ulipoenea Buha katika miaka ya 1930, hatua iliyochukuliwa ilikuwa kuwahamisha watu kutoka maporini kwenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa vichaka. Kwa elimu ya wakati ule hatua hiyo ilikuwa na maana, wala sina haja ya kuibeza. Hata hivyo ilifundisha jambo jingine kimyakimya: kwamba afya huja kwa amri, huletwa na mtu wa serikali, na huelezwa kwa wanaume barazani. Mwanamke aliyeliacha shamba lake na kijito alichokizoea hakuwa mtu wa kuulizwa.

Misheni zilikuja kwa upole zaidi. Mapadre wa White Fathers walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1879, na baadaye kazi yao ikapanda milimani. Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen nao walihubiri Buha. Waanglikana wa CMS kutoka Australia walifuata katika miaka ya 1930, na mwaka 1966 ikaanzishwa Dayosisi yao ya Western Tanganyika, yenye makao Kasulu. Waadventista walijenga hospitali Heri, na Wakatoliki wakawa na yao Kabanga. Sisi Walutheri tulikuwa wachache mno huko, na ni haki kusema kwamba sehemu hii ya historia ni ya ndugu zetu kuliko yetu. Watoto wengi waliponea katika nyumba hizo za tiba. Lakini kwa kawaida mafundisho yao kwa akina mama yalifuata mfano wa darasa la ubatizo: mwalimu anasema, wanafunzi wanarudia, na anayeuliza sana huonekana hana imani ya kutosha.

Mkunga wa jadi hakuwa na nafasi katika darasa hilo. Alitajwa pamoja na mganga na ramli, kana kwamba kazi yao ni moja. Sipendi kumpamba kupita kiasi. Mkunga hodari kuliko wote hana la kufanya kondo la nyuma linapokataa kutoka na damu inapotiririka, wala kifafa cha mimba hakitulizwi kwa maji ya uvuguvugu. Ila yeye alijua mambo ambayo hospitali haikuyajua: nani ana mimba kabla haijatangazwa, nani alizaa kwa shida mara ya kwanza, nani hana mtu wa kumpikia akitoka kitandani. Msomaji wa kitabu cha Kutoka atawakumbuka Shifra na Pua, ambao Farao aliwaita kuwapa amri, naye hakuwa na namna ya kujua yaliyotendeka chumbani ila kwa kuwauliza wao.

Redio na vyoo

Kuanzia mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wa mkoa huo kwenda katika vijiji vya pamoja. Kwa wazee wa Buha, waliokumbuka makazi ya malale, lilikuwa jambo la pili la namna hiyo katika maisha yao. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika mgombani zikasogezwa barabarani. Ahadi ilikuwa shule, zahanati na maji. Hatari, ambayo haikutangazwa sana, ilikuwa kwamba watu waliokuwa wakijisaidia mbalimbali sasa walikaa karibu karibu, na kijito kilikuwa kimoja.

Hapo ndipo ilipofika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo nadhani ni jaribio kubwa kuliko yote ya elimu ya afya katika historia ya Tanzania. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu kidogo, wakajadiliana na kukata shauri la kutenda. Masomo yalihusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi waliotayarishwa walikuwa makumi ya maelfu. Watu walichimba vyoo vya shimo kwa wingi usio na mfano, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi. Wachunguzi wa elimu ya watu wazima wa nchi nyingi walikuja kujifunza, na walikuwa na haki ya kustaajabu.

Kwa nini basi jambo hilo halikudumu kama lilivyoanza? Zimetolewa sababu nyingi, nazo za uchumi ni za kweli. Mimi nataka kutaja moja isiyosemwa sana. Masomo yale yote matano yalikuwa ya kweli na ya lazima, lakini hakuna hata moja lililohusu uzazi. Mwanamke aliketi katika kikundi akafundishwa juu ya mbu na konokono, naye akifahamu kwamba katika kitongoji chake waliokufa mwaka uliopita ni wawili waliojifungua. Tena kitabu na redio vilikuwa vya Kiswahili, na kwa wanawake wengi wa Buha wa kizazi kile lugha ya uchungu, ya siri na ya kuuliza ilikuwa Kiha. Kiswahili kilikuwa lugha ya karani, na walikijua zaidi waume waliotoka manamba. Basi ikawa rahisi mwanamume akajibu kwa niaba ya nyumba nzima. Choo kilichimbwa, maana kuchimba ni kazi inayoonekana na mwenye kukagua anaweza kuihesabu. Mambo ambayo mkaguzi hawezi kuyahesabu yalibaki kama yalivyokuwa.

Ng'ambo nako makanisa yalikuwa yakijihoji. Mwaka 1964 Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni pamoja na Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliitisha mkutano Tübingen, Ujerumani, kuuliza kama uponyaji ni kazi ya hospitali peke yake au ni ya usharika mzima. Matokeo yake yalikuwa Tume ya Kikristo ya Tiba, iliyoundwa mwaka 1968, ambayo mazungumzo yake na Shirika la Afya Duniani yalisaidia kuandaa njia ya tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 juu ya afya ya msingi. Wanafunzi wetu huyasoma maneno ya Tübingen kama habari ya fundisho. Inafaa wakumbuke kwamba yalitamkwa kwa sababu hospitali za misheni zilikuwa zikimeza fedha nyingi huku watu wengi wa vijijini wakiishi na kufa bila kuziona.

Hospitali iliyokubali kujichunguza

Sasa nafika katika sehemu ambayo ningependa isomwe na kila mchungaji aliye mjumbe wa bodi ya hospitali. Katikati ya miaka ya 1980, katika hospitali ya mkoa ya Kigoma, vifo vya akina mama wajawazito na waliojifungua vilifikia 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Jibu lililozoeleka wakati huo, na hata leo, lingekuwa kuwalaumu wanawake: wanachelewa, wanakunywa dawa za miti, hawana elimu. Dakta Godfrey Mbaruku na wenzake walianza mahali pengine. Walipitia kumbukumbu za vifo vyenyewe, miaka ya 1984 hadi 1986, kimoja baada ya kingine, wakauliza ni nini kilichokosekana saa ile.

Waliyoyaona hayakuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya kuyaeleza. Wakaweka hatua 22, nyingi zikiwa za gharama ndogo: wajibu wa kila mfanyakazi uelezwe wazi, vyombo vitengenezwe na kutunzwa, damu na dawa viwepo, wauguzi wapewe mafunzo kazini, watu wa mkoani wapewe habari. Walitumia zaidi vilivyokuwapo Kigoma kwenyewe. Kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1995 na imesomwa duniani kote.

Naomba msomaji aitulie hesabu hiyo. Wanawake walioingia hospitalini mwaka 1991 hawakuwa wa taifa jingine. Walikuwa watu wale wale, wa vijiji vile vile, na katika miaka ambayo uchumi wa nchi ulikuwa mgumu mno. Aliyejifunza zaidi katika miaka hiyo saba alikuwa mwenye hospitali. Sisemi kwamba mafundisho kwa jamii hayakuwa na kazi. Yalikuwamo miongoni mwa zile hatua 22. Lakini yalikuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye kufundishwa. Ukimwambia mama awahi hospitalini, sharti huko anakowahi kuwe na damu.

Kisha mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali, na swali la nani aje na nani asije likarudi kwa sura nyingine, yaani fedha.

Wageni

Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na ndani ya siku chache njia za Kibondo na Kasulu zilijaa watu. Mwaka 1996 vita vya Kivu vilileta Wakongo kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, na Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, yalikuwa majina ya vitongoji na mapori. Yakawa majina ya miji. Shirika letu la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia wakimbizi katika nchi hii tangu miaka hiyo ya mwanzo.

Kuhusu lugha, historia ilifanya jambo la ajabu. Mrundi na Muha husikilizana bila mkalimani, maana Kirundi na Kiha ni lugha ndugu. Mama wa Kibondo aliyekwenda kuuza ndizi kambini aliweza kusikia mafundisho ya kunyonyesha na chanjo katika maneno yaliyofanana na ya bibi yake, kuliko alivyoyasikia katika zahanati ya kijiji chake. Huko Nyarugusu, kwa Wakongo, Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya mama jikoni, ingawa si Kiswahili cha Dar es Salaam. Waliotembea nyumba kwa nyumba kufundisha walichaguliwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Na kutoka Ngara, tangu mwaka 1995, Radio Kwizera ya Wajesuiti ilitangaza kwa lugha walizozielewa watu wa pande zote mbili. Wenyeji wengi walitibiwa katika hospitali za kambi. Katika vijiji vya jirani jambo hilo lilileta shukrani na wivu pamoja, kwa kuwa mwenyeji alimwona mgeni akipata bure alichotakiwa yeye kukichangia.

Lakini kambi haikuwa paradiso ya elimu. Miaka ya 1990 waelimishaji walifika na masomo yao tayari: usafi, lishe, uzazi wa mpango, ukimwi. Huko Kanembwa wafanyakazi wa shirika la IRC walikubali kukaa na wanawake na kuwauliza yaliyowasumbua, na jibu lilikuwa jambo ambalo halikuwamo katika masomo hayo. Katika uchunguzi uliowahusu wanawake na wasichana 3,803 wa Kirundi wenye umri wa miaka 12 hadi 49, ilionekana kwamba karibu robo yao walikuwa wametendewa ukatili wa kijinsia tangu wawe wakimbizi. Walikuwa wamenyamaza, maana hakuna aliyeuliza, na wa kumshitakia mara nyingine alikuwa ndiye mwenye kosa au rafiki yake. Makanisa yalikuwa mengi kambini. Kila Jumapili yalijaa, na wengi wa walioyajaza walikuwa wanawake hao. Sijui mtu awezaye kulisoma jambo hili akiwa mchungaji asijiulize alihubiri nini Jumapili hizo.

Mwaka 2015 mambo yalijirudia kwa ghafla. Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na milima, na kwa majuma kadhaa makumi ya maelfu walikaa hapo wakisubiri meli ya MV Liemba kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko wasafirishwe hadi Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka mwezi Mei. Kufikia tarehe 22 ya mwezi huo wagonjwa walikuwa kama 3,000, na waliofariki 31. Pale Kagunga palikuwa na mama ambaye pengine alifundishwa juu ya kunawa mikono mara kumi katika maisha yake. Kilichomkosa ni maji yasiyo ya ziwani, choo, na sabuni. Kumfundisha mara ya kumi na moja kabla ya kumletea hivyo kungekuwa ni kumdhihaki. Waliozuia ugonjwa usiwamalize watu ni wale walioleta maji yenye dawa na kuwaondoa hapo upesi, pamoja na wakimbizi waliojitolea kupita kwa wenzao wakieleza namna ya kuyatumia. Nyarugusu, iliyokuwa na Wakongo zaidi ya 60,000, ikapokea wageni hata idadi ikapita 150,000, ikahesabiwa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani.

Wanawake 1,203 wa Kasulu

Nimeacha kwa makusudi ushahidi mmoja unaomhusu yule jirani ambaye hakufika. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa wilayani Kasulu, Dakta Mbaruku akiwa tena miongoni mwa wachunguzi. Wanawake 1,203 wa vijijini, waliokuwa wamejifungua katika miaka ya karibuni, walipewa mifano ya vituo vya afya vyenye sifa mbalimbali: cha karibu au cha mbali, cha bure au cha kulipia, chenye daktari au muuguzi, chenye dawa au kisicho nazo, chenye wahudumu wa heshima au wakali. Wakaombwa kuchagua wangejifungulia wapi.

Wasomi wengi wangetabiri kwamba umbali na fedha vitaongoza. Havikuongoza. Yaliyokuwa na uzito kuliko yote ni mawili: mhudumu awe mwenye heshima, na dawa na vyombo viwepo. Wanawake hao, wengi wao wakiwa wamesoma kidogo au hawakusoma kabisa, walitoa kwa ufupi hukumu ile ile ambayo hospitali ya Kigoma iliifikia baada ya miaka saba ya kupitia majalada. Walikuwa nayo siku zote. Tuliita hukumu hiyo ukaidi, au mila, au upungufu wa elimu.

Kuanzia mwaka 2016 hadi 2018, shirika la Thamini Uhai lilifanya jaribio katika baadhi ya vituo vya serikali mkoani Kigoma: mwanamke aliruhusiwa kuwa na mtu wa kumsindikiza katika chumba cha kujifungulia. Kwa miaka mingi ndugu walikuwa wakizuiwa mlangoni, na mwanamke akabaki ndani na watu asiowajua. Katika vituo vya jaribio walio wengi walimtumia msindikizaji, na walieleza kwamba walitendewa kwa wema zaidi kuliko wenzao wa vituo vingine. Muuguzi naye alipata mtu wa kumpa mama maji, kumsugua mgongo, na kumwita upesi damu inapozidi.

Bibi aliyekuwa akizalisha nyumbani, ambaye vizazi viwili vya mafundisho yetu vilimtoa nje, ameweza kurudi kwa njia hiyo, akiwa amesimama upande wa kichwa cha mjukuu wake huku kazi nyingine ikifanywa na mwenye ujuzi wake. Kwa hospitali zetu za kanisa ambazo bado zinawafungia ndugu nje, kizuizi kinachotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake watatu au wanne hulala chumba kimoja, na haifai jamaa ya mmoja kumwona mwingine. Ni kizuizi cha haki. Huondolewa kwa mapazia, fimbo za kuyaning'inizia, na seremala mmoja kwa siku mbili.